Koti la Askari wa Njia ya Ziwani

Siku ile ya mvua ya mawe, kwenye njia inayoshuka ziwani, tulikuwa watu wanne. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu wa mwisho, huyo mnayemwona ameketi pale na akina mama. Alikuwepo mama jirani yetu, na kikapu chake cha mihogo kichwani. Na alikuwepo askari. Majina sitayataja.

Ndugu zangu, nimesikia mnavyonung'unika tangu mwalimu aseme kwamba leo tuwaombee dua askari waliopelekwa vitani. Mmoja huko nyuma amesema, "Tuwaombee waliotuchapa?" Nimecheka, maana mgongo wangu nao unawajua. Lakini niacheni niseme.

Wazazi wetu walikufa kwa malale, baba kwanza, kisha mama baada ya mavuno ya maharage. Mkubwa nilikuwa mimi, na wadogo zangu wawili, wote wa kike. Nikaacha chuo cha Kurani; mwalimu mwenyewe anajua kusoma kwangu kuliishia pale nilipoanza kuunganisha herufi. Halafu serikali ya Wadachi ikaamuru watu wote wa ufukweni wahame kwa ajili ya mbung'o wanaoleta malale, wapande huku milimani. Nyumba zikachomwa. Michikichi ya baba ikabaki chini imezaa, haina wa kuiangua, na sisi huku juu tunakula mihogo mikavu bila mafuta.

Mnakumbuka tulivyokuwa tukidanganyana? Kwamba mvua ikinyesha mbung'o hawaumi. Wingu likitanda tu, watu wanachukua panga na vikapu. Askari nao walijua. Jua likiwaka walikaa kivulini. Mvua ikianza ndipo walipotoka kusimama njiani. Yule wa njia yetu alikuwa Mmanyema, mrefu, na kila mvua nilimkuta pale maji yakimchuruzika puani.

"Rudi, kijana."

"Michikichi ni ya baba yangu!"

"Na mbung'o ni wa nani?"

Nikamwita mbwa wa Wadachi. Akacheka. "Mbwa ameloa. Rudi."

Siku moja nikamkwepa, nikapita bondeni na mdogo wangu anayenifuata kwa kuzaliwa. Nilipanda mchikichi, nikaangusha mikungu mitatu, yeye akikusanya chini. Mvua ikakatika nikiwa bado juu, jua likatoka. Nilimsikia akijipiga miguu, pa, pa, akilalamika. Nikamwambia, "Vumilia, umebaki mkungu mmoja."

Mkungu mmoja, ndugu zangu.

Mafuta yale hayakufika mwisho wa mwezi. Yeye, kabla mwaka haujazunguka, alianza kusinzia na tonge mkononi. Alifia kwenye kambi ya wagonjwa, na mwishoni hakunijua mimi ni nani.

Baada ya kumzika niliacha kula. Nililala nimeelekea ukuta, na huyu mdogo akakaa ananitazama. Basi siku ya mvua ya mawe akachukua kikapu bila kuniaga, ashuke akaniokotee chikichi, labda mafuta yatanifanya nile. Mama jirani ndiye aliyenijia mbio:

"Wewe! Umelala? Mtoto yuko kwa askari!"

Nilikimbia, mama jirani na kikapu chake nyuma yangu. Nikamkuta askari amesimama katikati ya njia, na mtoto amechuchumaa miguuni pake, amefunikwa koti. Yeye amebaki na shati. Mawe yanampiga kichwani na mabegani, bunduki iko mkononi, wala hasogei kutafuta mti.

"Mutoto wako iko hapa," alisema. "Hakushuka."

Nilimnyakua mtoto pamoja na koti lile. Nikamwambia askari, "Dada yake alipopita, ulikuwa wapi?"

Akanitazama. "Nilikuwa hapa hapa."

Nilifika nyumbani na koti. Nikasema nitalirudisha kesho. Kesho ikafika nikaona aibu: nimwendee na neno la asante mtu niliyemwita mbwa? Kesho kutwa nikaogopa kukamatwa na nguo ya serikali. Mama jirani alikuwa akipita njia ile kila siku.

"Rudisha koti la watu, we kijana. Leo nimemwona tena, anasimama na shati."

"Kesho, mama."

"Kesho yako ina mvua."

Ilinyesha kweli, siku baada ya siku, na kila ilipoanza nilijua yuko pale. Kibanda chetu alikijua. Hakuja kulidai, wala hakumtuma mwenzake.

Nilipolipeleka, nimelikunja ndani ya kikapu, nilimkuta askari mwingine. Nikauliza yule mrefu yuko wapi.

"Kichomi kimemkamata. Wamempakia mtumbwini kwenda Usumbura, huko wanakokusanya watu wa vita. Mpumbavu yule, alipoteza koti. Alisema limechukuliwa na mto, akala viboko. Wewe unamtakia nini?"

Nilisema, "Sina neno." Nikakiweka kikapu nyuma ya mgongo, nikarudi na koti nyumbani.

Hilo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Namshukuru mama jirani, aliyetulisha mihogo yake na hakuchoka kunigombeza. Nawashukuru mwalimu na walionioshea na kunizikia ndugu yangu. Sasa ninakula, ninalima, na huyu mtoto yu mzima, hana hata homa. Mkisema ubaya wa askari, semeni, na mimi nitasema nanyi. Lakini aliyesimama mvuani kwa ajili ya mtoto wako, mwendee siku hiyo hiyo, kabla nguo haijakauka.

Koti ni hili hapa. Nimeshona palipochanika. Mtumbwi wa kwanza wa kwenda Usumbura nitaupanda, nimtafute. Akiwa hai, nitampa mkononi mwake, na mbele ya wakubwa zake nitasema nani alikaa nalo. Akiwa amekufa, ndugu zangu, sijui nimpe nani.