Matone ya Siku ya Kliniki

Siku baba alipofariki tulifunika cherehani yake kwa shuka, ingawa presha ya macho ilikuwa imempofusha na kumwondoa kwenye cherehani hiyo zamani. Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda kupimwa macho. Mbele yangu walikaa seremala na mama muuza vitambaa, wasiojuana.

"Mimi matone natia asubuhi ya kliniki tu," seremala alimwambia mama. "Presha inashuka, daktari anafurahi, tunaagana kwa amani."

"Kumbe unamtibu daktari!" mama alisema.

Nilitabasamu, ingawa nilikuwa na msiba. "Lakini mama," seremala alisema, "nilitia miezi na miezi, sikuona vizuri zaidi hata chembe."

"Kaka yangu, kilichokwenda hakirudi. Unalinda kilichobaki. Mimi jicho la upande wako limeshazimika. Tangu ukae hapo nasikia sauti tu."

Seremala alifumba jicho moja, akatazama dirishani. "Matone yanawasha," alisema polepole.

"Yanawasha, ndiyo."

Basi likasimama kliniki, tukashuka sote watatu. Presha yangu ya macho ilikutwa juu, kama ya baba. Sasa natia matone kila jioni, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani yake.