Ombi Lako Limepokelewa

Kijiwe chetu cha Katandala ni benchi moja, birika la kahawa la Mama Stumai na pikipiki tano za abiria. Tangu mwezi jana tuna tovuti pia. Ametutengenezea Timoth, tunayemwita Injinia: mgonjwa abonyeze kitufe kwenye simu, sisi tumfuate. Jumatatu asubuhi Kristiana wa kijiji cha Pito alishikwa na uchungu, mumewe akabonyeza, na hakuna aliyekwenda. Jana tumemzika yeye na mtoto. Leo tumekaa hapa, na sisi ni watu tusio na aibu kweli, maana badala ya kunyamaza tunabishana.

— Ni mtandao, alisema Gunia, dalali wa mahindi anayejua kila kitu. Pito unasuasua.

— Siyo, akakataa Elia, dereva mwenzangu. Mke wa kaka yangu yuko Pito, asubuhi ile tumeongea vizuri tu.

— Basi ni vile vitu vya bure. Injinia, si ulisema umevichukua mtandaoni?

— Ndiyo. Vitufe, fomu, kurasa, watu wameviacha wazi, yeyote achukue ajengee.

— Mnaona! Nani anagawa bure siku hizi? Maombi yetu wanayavuta wenyewe huko. Kristiana kaitiwa pikipiki ya Ulaya!

— Mimi nasema tumerogwa, alisema Elia. Simu tano, hata moja isilie? Kuna mtu kazifunga.

— Au setilaiti inaikwepa Ufipa yetu makusudi, aliongeza Gunia.

— Nyie, mtu amekufa! Mama Stumai alifoka. Injinia, sema wewe.

Timoth alikuwa hajagusa kahawa yake.

— Vile vitu havina kosa, Mama. Waliovitengeneza wameandika kabisa: huu ni uso tu, huko nyuma unganisha mwenyewe. Kitufe kinakuja na ujumbe wa mfano, ukibonyeza unatokea. Mimi niliutafsiri tu kwa Kiswahili. Kuunganisha na simu zenu nilikuwa bado. Mlishachinja mbuzi wa uzinduzi, nikasema nitamalizia.

Yule mbuzi tulimla wote. Mimi nilipata mguu.

Hapo ndipo Eustaki, mume wa marehemu, alipofika kwa miguu kutoka Pito, na nguo zilezile za jana. Tukasimama.

— Shikamooni.

— Marahaba. Pole sana, mwanangu, alisema Gunia kwa sauti ndogo.

— Sijaja kwa ugomvi. Nilibonyeza mara tatu. Kila mara iliandika: ombi lako limepokelewa, tunakuja. Jirani alikuwa na trekta, sikumwomba. Nikamwambia mke wangu, vumilia, wanakuja.

Akatoa simu, akabonyeza tena mbele yetu. Maandishi ya kijani yakatokea. Simu zetu zilikuwa pale juu ya benchi, kimya.

— Naomba kujua kitu kimoja tu, wazee wangu. Aliyepokea ni nani?