Kadi Yenye Namba Moja

Risala ya Kikundi cha Vidole Kumi, Siakago, kwa Bwana Mwirigi Mithika, Afisa wa Elimu ya Watu Wazima. Imesomwa na katibu wa kikundi, Bi. Wambeti Nyamu, katika uwanja wa zahanati, Jumamosi tarehe 20 Juni 1998, saa mbili na nusu asubuhi.

Mgeni rasmi, mwalimu wetu Bwana Mwirigi Mithika, Sista Caroline wa zahanati, mchungaji, chifu msaidizi, wazazi na majirani, hamjambo.

MAKARIBISHO

Sisi wanachama ishirini na saba wa Kikundi cha Vidole Kumi tunakukaribisha nyumbani. Tunasema nyumbani kwa sababu Meru ulizaliwa tu, lakini ni jua la Siakago lililokuchoma miaka mitano mpaka ukawa wetu. Kiti ulichokalia ni kile kile cha darasa la ngumbaru. Tumekiongezea misumari, kwa hivyo usiogope kuegemea.

Utatuwia radhi sauti ya msomaji ikitetemeka. Hatujala kitu tangu jana saa moja jioni, sisi sote, hata mwenyekiti wetu Mzee Nyamu, ambaye ni mume wa msomaji na ambaye hajawahi kukosa kifungua kinywa tangu afunge ndoa. Tumbo likiwa tupu asubuhi, dunia huwa nyepesi kidogo. Kilima cha Kiang'ombe kinaonekana kama kimesogea karibu wakati tumelala. Harufu ya ndengu inatoka jikoni, inatuzunguka, inarudi ilikotoka. Tumeizoea hali hii, na hata tumeipenda. Ndiyo hali tunayopimiwa, na mambo mengi mazuri ya kikundi hiki tumeyaota tukiwa ndani yake.

Kwa nini tunafunga leo, na kwa nini barua ya mwaliko ilikuomba uje bila kula, tutaeleza mbele kidogo. Tunaomba uvumilivu wako.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, mwaka wa 1990 ulifungua darasa la watu wazima kwenye veranda hii, maana chumba kingine hakikuwepo. Msomaji wa risala hii aliingia darasani akiwa na miaka hamsini, akishika kalamu kama mtu anayechimba viazi. Hukumcheka. Ulimshika mkono, mkaandika pamoja herufi W, na siku hiyo alirudi nyumbani akiiandika hewani njia nzima. Wengi hapa wana hadithi kama hiyo.

Halafu, Machi 1995, Sista Caroline akaletwa zahanati. Alikuja darasani na kimashine kisichozidi kiberiti, akasema kinaweza kutuambia kama sukari imeanza kukaa kwenye damu kabla hatujaugua. Alitaka mtu mmoja wa kwanza. Tukaangalia sakafu. Mzee Nyamu akasema, "Sista, hii damu nimekaa nayo miaka sitini na sijawahi kuiuliza maswali."

Wewe ndiye uliyesimama. Ulivua koti, ukalikunja vizuri, ukaketi. Ukasema, "Nimewafundisha kusoma namba. Haya basi, njooni msome yangu."

Tulikuja sote, tukasongamana juu ya bega lako. Namba ikatokea na tukaisoma kwa pamoja, kwa sauti, kama tulivyozoea kusoma ubaoni. Leo hatutaitaja mbele ya watu. Tutasema tu kwamba Sista aligawa namba za asubuhi mara tatu: chini ya sita unaenda zako, kati ya sita na saba uko mpakani, saba kwenda juu unakwenda hospitali. Wewe ulikuwa mpakani. Ulicheka, ukasema utapimwa tena baada ya miezi mitatu.

Baada yako tukapimwa sote, kwa sababu ingekuwa aibu kukataa. Waliolalamika kwamba kidole kinauma waliambiwa na Sista kwamba Mungu amewapa vingine tisa. Hapo ndipo jina la kikundi lilipotoka.

Mwezi uliofuata ulihamishwa. Ulipanda lori na kitanda chako na masanduku mawili ya vitabu, tukakuimbia mpaka likapotea kwenye vumbi. Kadi yako ilibaki hapa.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, ni desturi risala kutaja mafanikio kwanza. Sisi tutaanza na makosa, maana ndiyo tuliyoanza nayo.

Tuliacha sukari ya duka siku moja, sote, kwa kiapo kanisani. Lakini hii ni Mbeere, na kila boma lina mzinga juu ya mti. Tukaona asali haiwezi kuwa sukari: haikupita kiwandani, ni mali ya nyuki na ya mababu. Tukaitia kwenye uji kwa kijiko cha kupakulia. Miezi minne baadaye tulikuja kupimwa tukiwa tumevaa nguo za Jumapili. Namba zilikuwa zimepanda karibu kwa wote. Sista aliketi chini, akauliza taratibu, "Mmekuwa mkila nini?" Tulipomwambia, alifunika uso kwa mikono na hatukujua kama analia au anacheka.

Kosa la pili lilikuwa la chai. Sista alisema tuje asubuhi bila kula. Tukaja bila kula. Hakuna mtu hapa Embu nzima anayeita chai chakula, kwa hivyo tulikuwa tumekunywa kila mtu vikombe viwili, vya maziwa mazito. Tulimjibu bila kuona haya kwamba hatujaonja kitu tangu jana. Tuliapa hivyo karibu mwaka mzima kabla ya mwenzetu Mama Njoki kukohoa chai mbele yake.

Tulijifunza. Mwaniki, anayeandika mabango ya maduka, alitupakia mistari myekundu kwenye sahani: nusu ni mboga, robo ni ndengu au kunde, robo iliyobaki ni ugali. Rangi ikatoka ikaingia kwenye mboga, basi akaikwaruza mistari kwa msumari. Tukarudia mtama na mawele ambayo tulikuwa tumewaachia kuku. Hata hivyo Sista alituonya kwamba mtama nao ukivuka mstari ni sukari ile ile. Vijana wanaotafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, wameacha kuusukuma kwa soda, sasa wanausukuma kwa maji, ingawa Sista angependa wauache kabisa na bado wanamwambia wataona.

Na tunatembea. Kila siku kabla jua halijatoka tunakutana hapa, tunashika barabara ya Ishiara nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Mgeni rasmi, tungependa uione barabara ile saa hiyo. Ukungu unalala mabondeni, miti inaelea bila mashina, na mtu aliye hatua kumi mbele husikika tu. Hatuongei sana. Mwingine hutembea huku macho yamefumbwa nusu, akimalizia ndoto. Kuna siku msomaji wa risala hii alisikia nyuma yake viatu vyako, vile vilivyokuwa vikilia kama bata, na akatembea bila kugeuka mpaka darajani, maana alijua akigeuka vitanyamaza. Alipowaambia wenzake, wawili walisema hata wao walivisikia.

Sasa mafanikio. Waliokuwa mpakani walikuwa kumi na tisa. Kumi na wawili wamerudi chini ya sita na wamekaa huko zaidi ya mwaka. Wanne bado wako mpakani na hawajakata tamaa. Wawili walivuka, wakapelekwa hospitali, na wanameza dawa zao kila siku. Hatumdanganyi mtu kwamba mtama unatosha pale dawa inapohitajika. Hao ni kumi na wanane. Tunajua ulitufundisha hesabu, na tunajua umeona kwamba mmoja amebaki.

SHIDA ZETU

Mvua ya Elnino ilikata barabara mwezi wa kumi na moja na mzigo wa zahanati haujakaa sawa tangu hapo. Mashine ni nzima. Lakini mashine haisomi kitu bila karatasi ya kupimia, na kila karatasi hutumika mara moja. Zingine zimeagizwa, siku ya kufika haijulikani. Kwenye chupa imebaki moja, na tarehe yake inaisha mwezi huu.

Shida yetu kubwa zaidi ni hii. Sanduku la Sista lina kadi zetu, na kadi nzuri imejaa namba juu chini kama ngazi. Zilikuwepo mbili zenye namba moja tu.

Ya kwanza ilikuwa ya Mzee Ndambiri, fundi wa mizinga. Alipimwa siku ile ile yako, yeye akiwa amevuka mpaka tayari, akasema atarudi baada ya mavuno, kisha baada ya mavuno mengine. Alikuwa na nguvu, alikuwa anaimba, nani angemsumbua? Alichomwa na mwiba mguuni na hakusikia maumivu, sukari ilikuwa imeshaufisha mguu ganzi. Tulikuja kujua wakati mguu umeshakuwa mweusi. Tulimzika Januari. Tulimpenda na tulimwonea haya, na haya yetu ndiyo tunayoijutia.

Mazishi yalikuwa kwao, upande wa Ishiara, na wewe ulikuja. Uliketi meza ya wageni. Hatutasema tuliyoyaona, kwa heshima yako. Tutasema tu kwamba jagi la maji lililokuwa mbele yako lilijazwa mara tatu kabla mahubiri hayajaisha, na kwamba aliyelijaza ni msomaji wa risala hii. Alirudi Siakago akikumbuka Sista alivyotufundisha kuhusu kiu ya sukari, akafungua sanduku pamoja naye. Kadi yako ilikuwa pale chini, safi, na ile namba moja tuliyoisoma pamoja.

MAOMBI

Mgeni rasmi, kamati ilikutana mara mbili kuandaa sehemu hii. Mwenyekiti alitaka tuombe tangi la maji. Mama Njoki alitaka friji ya dawa. Vijana walitaka mipira, ingawa hawajui itahusianaje na sukari. Yote yaliandikwa na yote yakafutwa, kwa kuwa mtu akipewa nafasi ya ombi moja huomba kile kinachomnyima usingizi.

Ndiyo sababu tulikuandikia uje bila kula. Ulidhani ni karamu na hukukosea, karamu ipo. Lakini tulitaka pia tumbo lako liwe tupu. Dereva wako Gedion ni mtoto wetu wa hapa, na ndiye mpelelezi wetu. Tulimwomba akulaze Embu mjini na ahakikishe asubuhi hunywi hata chai, na hapa ndipo tulipomkazia sana. Alipofungua mlango wa gari aliinua kofia mara mbili. Hiyo ilikuwa ishara. Usimkasirikie, tukasirikie sisi.

Ile karatasi ya mwisho tuliipigia kura. Wanachama sita walikuwa wamefikia zamu yao ya kupimwa. Tuliuliza nani anakubali iwe yako. Mikono ishirini na sita ikainuka. Mzee Nyamu akasema, "Na mimi je?" Tukamwangalia. Akainua wake pia, akasema, "Yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Apewe."

Ombi letu ni kidole chako, Mwalimu. Hatukulazimishi. Wewe ni mgeni wetu na mkubwa wetu, na unaweza kusimama sasa hivi ukatushukuru tukala tukaagana, na tutakupenda vile vile. Lakini Sista ameweka beseni ya maji ya uvuguvugu ya kunawa mikono kwenye veranda, na kando yake kuna kiti. Safari hii hatutasongamana begani wala hatutasoma kwa sauti. Tutakupa mgongo sote, tutatazama Kiang'ombe, na wewe utasoma peke yako na Sista. Namba ikiwa juu, Gedion anaijua njia ya hospitali na tutakufuata. Ikiwa chini, sahani yako iko tayari, Mwaniki aliikwaruza mistari jana.

Tunaogopa, Mwalimu. Tumemzika mmoja kwa kuona haya, hatutaki kuona haya tena.

Mungu aliyekuleta kwetu na chaki mfukoni ayalinde macho yako yaliyotufundisha kusoma, ailinde miguu yako ili siku moja tuisikie nyuma yetu kweli kwenye barabara ya Ishiara, na aifanye damu yako iwe tamu kwa wanaokupenda tu. Sisi hatutagusa chakula mpaka uinuke pale, uende upande wowote utakaochagua. Beseni inapoa.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Vidole Kumi, Siakago.