Hatua ya Nne ya Ignasi

Kuna jambo moja sikuwahi kulitatua, na sasa sijui nimuulize nani: kwa nini Ignasi, mstaafu wa karakana ya reli Gerezani, aliamua kujifunza dansi ya breki. Ilikuwa mwaka themanini na tano. Vijana wa mji walikuwa wakizungukia migongo yao pale Mnazi Mmoja, na hilo tulilielewa. Lakini Ignasi alikuwa na miaka hamsini na mitano, na mkewe Mektilda alikuwa amezikwa mwezi wa pili. Kijiwe chetu kilikuwa Mtaa wa Swahili, benchi limeegemea ukuta wa nyumba aliyopanga Ignasi, kwa hiyo kila alasiri, Hamis muuza kahawa akitumiminia, tulimsikia uani: viganja vikipiga boksi, miguu ikikwaruza, kisha kishindo, kisha kimya. Muziki hakuwa nao. Betri zilikuwa hazipatikani. Siku moja Eliasi, balozi wetu wa nyumba kumi, tuliyemwita Kikao kwa sababu hakuweza kunywa kahawa bila kufungua kikao, alikuja na pendekezo: kaka yake Ignasi aandikiwe barua kule Mbinga, aje amchukue.

— Nyumba inalalamika, alisema Eliasi. Mtu mzima kujibiringisha peke yake si afya. Arudishwe kwao.

— Akirudishwa ndiyo basi, nikasema. Chumba kitapata mtu siku hiyohiyo. Na kaburi la mkewe liko huku.

— Ndiyo maana tunajadili. Darubini, toa maoni.

Darubini ni Shomari, fundi saa, tuliyemwita hivyo kwa ajili ya kile kioo cha kukuzia kilichoshinda jichoni mwake.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema. Huyu anainama kila siku. Basi kuna kitu kimefukiwa pale uani.

— Kitu gani?

— Ningejua ningekuwa hapa nakunywa kahawa bila sukari?

Harshad, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekuja na kiti chake kama kawaida. Tulimwita Mita, kwa kuwa hata maneno aliyapima kabla ya kuyakata.

— Boksi nimempa mimi, alisema. Alichagua mwenyewe. Akataka kubwa, lisilo na pini, asichanike viganja. Mwenye wazimu hakagui pini.

— Hilo ndilo linalonitisha, Harshadbhai, alisema Shomari. Wazimu wenye mpango. Nimemchungulia kwenye upenyo wa mabati. Anaweka kiganja chini, mguu unapita mbele, mwingine unafuata, anazunguka kama mshale wa saa. Hatua sita. Vijana wanasema hizo ndizo alifu be za breki, huwezi kuzungukia mgongo kabla hujazijua. Yeye akifika ya nne anaanguka.

— Kila siku?

— Kila siku, hatua ileile ya nne. Saa ikisimama palepale kila siku, kuna jino limekatika ndani.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Eliasi.

— Mkuu gani, Kikao? Nyumba nzima ile mkubwa ni yeye.

Hamis akaweka dele lake la kahawa chini.

— Mimi nasema ni petroli. Jumapili magari yamekatazwa, siku nyingine hayana mafuta. Mzee kaamua kuwa gurudumu. Haba na haba hujaza kibaba: leo yuko uani, mwakani mtamkuta Buguruni, anabingirika na abiria.

Tulicheka. Nyuma ya ukuta kikaja kishindo, kikubwa kuliko vya siku zote, na kicheko kikatukatikia mdomoni. Tukasubiri. Baada ya muda miguu ikaanza tena kukwaruza boksi.

— Wanaoafiki barua wanyooshe mikono, alisema Eliasi, kwa sauti ya chini.

Mkono wa Shomari ulifika nusu. Wangu sikuunyoosha.

Hapo ndipo akapita Severa, mpangaji mpya, aliyehamia chumba cha jirani na Ignasi siku tatu kabla. Alikuwa na kikapu cha mboga.

— Shikamooni.

— Marahaba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Eliasi. Kama jirani yako anakusumbua, dada, sema. Tuko kwenye hilohilo.

— Hanisumbui. Nilitaka kuuliza tu. Akikosea, nani humwambia?

— Amwambie nini?

— Kwamba kakosea. Mtu anajifunza. Mimi nilipojifunza cherehani kulikuwa na mama amesimama nyuma yangu. Huyu anaanguka palepale, nyie mko hapa mnamsikia. Nani humwambia kama ni mkono au ni mguu?

Harshad alitazama ndani ya kikombe. Shomari akatoa kioo jichoni, akakifuta, hakukirudisha. Mimi nilikuwa najaribu kukumbuka. Tangu mikeka ya matanga ilipokunjwa, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameingia uani mle. Miezi yote ile tulimjua Ignasi kwa sauti ya viganja vyake.

— Hoja ya dada ni nzito, alisema Eliasi hatimaye. Na kwa utaratibu wa vikao, mtoa hoja ndiye mtekelezaji.

— Mimi sijatoa hoja, kaka. Nimeuliza.

Akaingia ndani na kikapu chake.

— Hoja ni yako, Kikao, alisema Shomari. Ni wewe uliyesema Ignasi ashughulikiwe.

Basi ikaamuliwa hivi: barua isiandikwe. Badala yake mtu aingie uani kila alasiri, asimame, amwangalie Ignasi mpaka aivuke hatua ya nne. Mikono yote ilinyooka, wa Eliasi ukiwa wa mwisho. Akamaliza kahawa yake, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni, akaenda kugonga bati.

— Hodi.

Viganja vikasimama.

— Karibu.

Tukasikia bati likiburuzwa, kisha sauti ya Eliasi, ileile ya mikutanoni:

— Endelea tu, Ndugu Ignasi. Nimetumwa kuangalia mkono.