Mawe ya Mama Yenu

Sogeeni hapa wanangu. Masalu, weka chini hizo karatasi za mnunuzi wa pamba, na wewe Milembe, mayu, binti yangu, niinue mgongo kidogo, maana neno hili nimelikalia miaka saba na pumzi iliyobaki haitoshi kulisema mara mbili.

Ng'ombe mmeshagawana. Shamba la bondeni ni la Milembe, na mtu asiniletee habari za msichana harithi, nimelilima mimi. Ndugu yangu Mwandu nilimnyima maji ya lambo mwaka wa ukame, mwambieni nilikosa.

Kinachonikosesha raha ni nyumba hii. Mnakumbuka serikali ilipoanza kudhamini mikopo ya nyumba kwenye miji midogo, akashuka yule bwana wa mikopo kwenye treni hapa Malampaka, akapita kaya kwa kaya na futi yake kutafuta zinazofaa. Alitaka kiwanja kiwe ndani ya mipaka ya mji, kiwe na choo, mwenyewe awe amejenga msingi wa mawe kwa nguvu zake, na pasiwe na kaburi. Sisi tulilala kwenye nyumba ya tope, ikivuja juu ya vitanda vyenu, na mama yenu Lukresia tulikuwa tumemzika pembeni ya zizi kama tulivyozoea kuzika watu wetu nyumbani.

Jumapili moja mkiwa kanisani nikaondoa mawe ya kaburi lake, moja moja, nikasawazisha udongo, nikapanda mchaichai, na mawe yale nikayajenga kwenye msingi. Yule bwana aliupiga teke akasema, "Msingi safi huu, mzee," nami nikacheka naye. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Ninyi niliwaambia tumemhamishia makaburi ya misheni, nikawaonyesha tuta lisilo na msalaba. Milembe, miaka yote hii umepalilia kaburi la mtu tusiyemjua. Usilie, mayu. Huyo naye alihitaji mtu. Mama yenu yuko palepale lilipokuwa zizi, nyuma ya jiko, ndiyo maana ule mchaichai sikuutia kwenye chai hata siku moja, mkasema baba ana maringo.

Bati la mkopo ule sijutii, liliwakausha. Najutia mawe.

Sasa Masalu, unataka kumuuzia mnunuzi nyumba hii abomoe, ajenge ghala. Sikulaumu, pamba siku hizi inanunuliwa na kila mwenye lori, haimlipi mkulima, na wewe una watoto. Lakini atamwaga zege juu ya mama yako.

Sikilizeni basi. Nizikeni kando yake. Mawe ya msingi msiyang'oe, leteni mengine kutoka mlimani, mengi, ya watu wawili. Halafu mnunuzi akija na mkaguzi wake, mfungulieni lango, akute makaburi mawili, aone mwenyewe kwamba kiwanja hiki hakifai.

Mungu awape... awape paa, wanangu, na msiibiane. Mpendane. Milembe, maji... Hapana, acha. Nigeuze tu. Upande ule, wa jikoni.