Mabati Sita na Neno "Unless"

Bwana Mwenyekiti wa kamati ya Pumwani, masheikh na wachungaji mlioketi mbele, mama zetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mwalimu Norah Adoyo unayetuacha kesho kurudi Kisumu: salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Mimi ni Idarusi, fundi cherehani, mwanafunzi mzee kuliko wote katika darasa la Kiingereza la ukumbi huu. Wengi mwaniita Bwana Paa. Chekeni tu, leo hata mimi naweza kucheka.

Mwaka jana nililetewa barua ya Kiingereza kutoka ofisi ya viwanja. Huku kwetu barua haisomwi chumbani. Husomewa uani, mbele ya majirani. Jirani yangu Zubeiri akasoma, akafika penye kusema nyumba yangu itabomolewa Ijumaa. Je, nani angemsikia baada ya hapo? Mke wangu Mishi alipiga ukelele, wanawake wakamwitikia, nami nikapanda juu kung'oa mabati, angalau niyaokoe hayo. Nyumba aliyoijenga marehemu baba, naibomoa kwa mkono wangu!

Mabati sita yalikuwa chini alipopita Mwalimu huyu. Hakutupa pole. Aliomba barua, akaisoma kimya mpaka kwenye sahihi, kisha akaniita nishuke.

"Bwana Idarusi," akasema, "mmeisoma nusu. Hapa katikati pana neno unless."

Maana yake ni isipokuwa. Baadaye darasani alitueleza kwamba kwa Waingereza wa kale yalikuwa maneno mawili, "kwa" na "pungufu", yakagandamana: yaani, si kwa pungufu ya sharti hili. Akatuonya kuwa watu wa ofisi hupenda kutanguliza tisho, mlango wakauweka nyuma ya neno hilo. Na mlango wangu ulikuwa upi? Isipokuwa mwenyewe afike na hati ya kiwanja kabla ya Alhamisi. Hati yenyewe ilikuwa sandukuni mwa Mishi, na sanduku limeshafungwa kamba!

Nilikwenda Jumatano. Karani akaitazama, akagonga muhuri, basi. Ndugu zangu, nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia kwa faraja, mtu mzima na mvi zangu.

Yale mabati niliyarudisha vibaya, yanavuja hadi leo. Haraka haraka haina baraka, Mishi huniambia kila mvua inaponyesha.

Mwalimu, tunakushukuru kwa moyo wote. Lakini nami sasa nimesoma, nina sharti langu. Hupandi gari moshi kesho, unless umekula kwanza chakula cha mchana kwetu, chini ya mabati yale sita. Sufuria tumeshaitega panapovuja.

Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho.