Mume Wangu Amekonda, na Ninamshukuru Mungu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Semeni amina ya kweli jamani, si ile amina ya kumsukuma mtu akae chini haraka. Mimi ni Nereah, Mama Achieng', yule anayeuza sukuma na nyanya pale Migosi. Nimekuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu, Owiti. Yumo humu ndani pamoja nasi. Amenipa ruhusa niseme kila kitu, kwa sababu yeye mwenyewe amekataa kusimama. Anasema alisimama mbele za watu vya kutosha wakati ule wa misuli.

Niliolewa na Owiti akiwa mtu wa kawaida tu, mpakiaji wa mbao katika yadi moja hapa mjini. Alikuwa na kaka yake aliyeitwa Odero, fundi wa viatu, mtu wa mizaha. Mwanzo wa miaka ya tisini Odero akaanza kukonda. Ndugu zangu, mnakumbuka kukonda kwa miaka ile! Wengine walisema ayaki, yaani ukimwi, lakini kwa kunong'ona. Wengine walisema ni chira, kwamba amevunja mwiko wa nyumbani na sasa mwiko unamla. Hakuna aliyetaka kunywea kikombe chake. Alipokufa, Owiti alimbeba peke yake kutoka kitandani, kama mtu anayebeba nguo za kufua.

Tulimzika kwao Seme. Matangani watu walikula, waliimba, na walituangalia. Waliwaangalia ndugu za marehemu mmoja mmoja, mikono, shingo, mashavu, wakitafuta nani anafuata. Nilimwona mama mmoja akimshika Owiti mkono kana kwamba anamsalimia, kumbe anapima unene. Owiti naye aliona. Tuliporudi Kisumu, wiki hiyo hiyo, aliingia jimu.

Msifikirie jimu ya vioo. Ilikuwa nyuma ya banda la fundi wa kuchomelea, chuma cha gari kimetiwa mikebe ya rangi iliyojazwa simiti huku na huku. Walikuwa na mwalimu wao, waliyemwita Kocha. Owiti alibeba vyuma vile asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, na akaanza kula. Wee! Trei za mayai, ugali wa sufuria nzima, omena, viazi vitamu, maziwa. Mimi nilipika mpaka mikono ikachoka. Lakini mwili ulikuja, na mimi, sitawaficha, nilijivuna. Wateja wangu waliniuliza, "Mama Achieng', huyo mzee unampatia nini?" Tulipokwenda Seme kusalimia, wale waliokuwa wakipima mkono wake walikuta hauzungukiki. Wakatuacha.

Nilidhani vita vimekwisha. Ndugu zangu, vilikuwa havijaanza!

Baada ya miaka kadhaa mwili ule ukawa mkubwa kupita kawaida, halafu likaja tumbo. Nataka mnielewe vizuri hapa. Halikuwa kitambi. Kitambi cha mtu mwenye pesa ukikishika kinatikisika, na mwenyewe anacheka. Owiti hakuwa na mafuta popote. Mishipa ilimtoka mikononi, ngozi ya kifuani ilikuwa nyembamba, na misuli ya tumboni ungeweza kuiona imejipanga vipande vipande. Lakini misuli hiyo hiyo ilisukumwa mbele, duara na ngumu kama tikiti, kuanzia chini ya mbavu. Tulipunguza chumvi. Akaacha ugali kwa muda. Akafanya mazoezi ya tumbo mpaka akatapika. Tumbo likabaki pale pale.

Akajifunza kulivuta ndani. Wageni wakija alivuta pumzi, akabana, akaongea maneno mafupi mafupi. Kulikuwa na mashindano katika ukumbi mmoja hapa mjini, nami nilikwenda. Alipakwa mafuta, akasimama na wenzake kwenye taa, amebana tumbo, na kwa kweli alipendeza. Lakini waamuzi walikawia. Wakawageuza, wakawarudisha, wakawageuza tena, na mtu hawezi kukaa bila pumzi. Alipoiachia, tumbo likaja mbele lote. Kijana mmoja akapiga kelele, "Huyo ako na mimba!" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa na mimba kweli wakati huo, mimba ya mtoto wetu wa pili, na nyumbani Migosi majirani walikuwa wameshaanza kuuliza nani atajifungua kwanza. Mwanzoni nilicheka nao. Siku ile ukumbini sikuweza.

Kisha mizaha ikakoma, na kukoma kwake kulinitisha zaidi. Watu wa nyumbani waliona tumbo limefura, wakakumbuka wagonjwa waliofura matumbo kabla ya kufa. Wakasema, ni ile ile ya Odero, imepitia mlango mwingine. Mama mkwe wangu alituletea manyasi kwenye chupa, dawa ya kuondoa chira, akatusimamia tukanywa. Alikuwa akilia. Aliniuliza kwa upole tumevunja mwiko gani.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokata tamaa. Kama Owiti alikuwa na ukimwi, basi mimi pia ninao, na huyu tumboni mwangu pia. Nilikuwa nikiuza nyanya huku najishika mkono, naangalia kama bangili imelegea. Nilitoa ulimi mbele ya kioo kila asubuhi. Nilimwangalia Achieng' akicheza nikawaza ni nani katika ukoo atakubali kumlea. Nilisali, lakini sala zangu zilikuwa mbaya. Nilimwambia Mungu, "Kama umeamua, basi tuchukue siku moja, usitupange foleni." Hiyo ndiyo sala niliyokuwa nayo. Sikuwa na nyingine.

Sasa sikieni. Siku moja mchana Owiti alirudi nyumbani akitokwa na jasho kama aliyemwagiwa maji. Alitetemeka, akaongea maneno yasiyoeleweka, akaanguka mlangoni. Nikapiga yowe. Jirani yetu Mama Zulekha akaja mbio, Mungu ambariki mama yule wa Kiislamu! Mume wake ni mgonjwa wa sukari wa siku nyingi. Alimwangalia Owiti mara moja tu, akasema, "Sukari yake imeshuka. Lete sukari." Tukampaka sukari ndani ya midomo, na alipoweza kumeza tukampa chai tamu. Alipopata fahamu, Mama Zulekha akamuuliza, "Baba Achieng', kwani uko na ugonjwa wa sukari?"

"Sina."

"Basi hiyo dawa ya sukari nani alikudunga?"

Owiti akanyoosha kidole kwenye nyungu yetu ya maji ya kunywa. Nikatia mkono ndani. Chini kabisa, penye baridi, kulikuwa na vichupa vimefungwa kwa nailoni. Kimoja kilikuwa dawa ya wagonjwa wa sukari, ambayo Kocha aliwaambia inajaza misuli. Vingine vilikuwa dawa ya kukuza mwili, ambayo Kocha alikuwa akiipata kwa mtu wa Nairobi. Miaka yote hiyo tulikuwa tukichota maji juu yake!

Nilimwambia, twende hospitali. Alikataa ya mjini, akakataa ya Kombewa, kwa sababu kote huko kuna watu wanaomjua. Basi tukaenda Maseno. Daktari alimlaza, akamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akanionyesha. Ilikuwa nyembamba tu. Akasema, "Mama, hapa hakuna mafuta. Kilichokua kiko ndani." Akatueleza kwamba dawa ile ya kukuza mwili haiendi kwenye mkono peke yake. Inaweza kukuza na vitu vya ndani, utumbo na ini. Chakula chote kile nacho kinayajaza na kuyavuta matumbo. Na msuli ulioko ndani, unaozunguka tumbo kama mkanda, ukisukumwa miaka mingi unachoka kushika. Alisema mambo mengine hata wao bado hawajayajua. Lakini lile alilolijua vizuri ni kwamba sindano ya ugonjwa wa sukari kwa mtu asiye na ugonjwa huo inaweza kumuua siku yoyote.

Tulipimwa damu sote wawili, tukaambiwa turudi kwa majibu. Siku zile za kungoja sitaki kuzieleza. Tuliporudi, majibu yalikuwa mazuri. Hatukuwa nao! Mimi niliimba pale korido mpaka muuguzi akanituliza. Nikageuka kumtazama mume wangu, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Nilimwambia, "Baba Achieng', sasa hizo sindano zimeisha."

Akasema, "Nikiwacha nitakonda. Na nikikonda, Nereah, unajua watu watasema nini."

"Si daktari ameandika hatuna?"

"Sasa hiyo karatasi niivae shingoni?"

Akaendelea kudunga. Ndugu zangu, mnaona minyororo ile! Alijua inamuua, na alijua haumwi. Lakini alipendelea kufa mnene kuliko kuishi mwembamba machoni pa watu. Nikabishana naye, nikalia, nikafunga na kuomba, na tumbo langu likiwa kubwa na lake likiwa kubwa, tukiwa hatuongei katika chumba kimoja. Nilimwambia Mungu kwamba nimeshindwa, na nilimaanisha hivyo.

Mtoto akazaliwa, mvulana. Mama mkwe akaja na waya, yaani shangazi yake Owiti, wakakaa nami sebuleni. Owiti alikuwa nyuma ya pazia, kitandani. Mnajua kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia kufa. Nikawauliza jina. Waya akavuta kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini, ya huruma kabisa, "Tusimpatie jina haraka. Wacha tungoje kidogo, tuone vile mambo itaenda."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Walikuwa wakilitaka jina la baba yake. Walikuwa wakingoja liwe wazi.

Pazia likafunguka. Owiti alikuwa amesimama pale bila shati, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu hakulivuta tumbo ndani. Aliliacha lilivyo.

"Waya, mnangoja nikufe?"

Akajipiga kifua kwa ngumi.

"Nimebeba hivyo vyuma miaka yote ndio msinizike. Kumbe mlinizika kitambo."

Akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu. Akasema, "Huyu ni Odero."

Waya akashtuka, akasimama. "Odero hapana! Hiyo jina iko na ugonjwa."

"Odero alikuwa ndugu yangu," akasema. "Hakuwa ugonjwa." Na akalia, ndugu zangu, mtu yule mwenye mikono ile akalia na mtoto kifuani, mpaka mama yake akamwendea akamshika. Kisha akaichukua nyungu yote, maji na vichupa, akaenda kuimwaga chooni. Mimi niliomba miezi, nikafunga, nikakemea, na Mungu akamfungua kwa neno la kikatili la shangazi! Sijui kwa nini alichagua njia hiyo. Nilichojua ni kwamba mume wangu alitoka chooni mikono mitupu.

Natamani ningewaambia kwamba baada ya hapo ilikuwa furaha tupu. Haikuwa. Alikonda kama alivyosema. Mikono ikaisha, mabega yakashuka, mashati yakamning'inia. Tumbo nalo lilipungua kiasi tu, daktari alishatuonya kwamba halitarudi lote. Kwa hiyo leo mume wangu ana mikono myembamba na tumbo lililotokeza, hivyo hivyo mnavyoogopa mtu awe. Yadini walimwambia apumzike. Pale sokoni wateja wengine wamehamia meza ya jirani, eti nyanya zangu zimelala.

Na hapa kanisani, ndugu zangu? Nimeona. Kile cheti cha daktari nilitaka kuja nacho leo, niwasomee. Nilikitoa, nikakishika, nikakirudisha. Kwa sababu nilijiuliza, na kama kingesema vingine? Odero hakuwa na cheti kizuri. Wapo humu ndani, nawajua, wasiokuwa nacho, na wanakaa kimya wakijishika mikono kama nilivyokuwa nikijishika. Mungu aliyemshika Owiti si Mungu wa wanene tu. Dada yangu, kaka yangu, mtumaini Yeye. Mimi nilimwomba vibaya, nilimwomba kifo, na bado alinisikiliza.

Ninamshukuru kwamba mume wangu amekonda. Ninamshukuru kwamba anapumua pumzi nzima, bila kubana tumbo. Namaliza sasa, Mchungaji, nisamehe. Owiti ameketi benchi ya nyuma, upande wa mlango, peke yake. Benchi hiyo inatosha watu sita, na leo ni Jumapili, na kuna watu wamesimama nje juani wakisema nafasi imejaa. Kabla hatujaimba, naomba mtu mmoja tu, asiwe mimi na asiwe mtoto wangu, ainuke akaketi karibu naye.

Mimi sitaketi kwanza. Nitangoja hapa hapa. Jina la Bwana libarikiwe.